Mguu, Gurudumu na Mlima wa Sekenke

Neno safari limekwenda mbali kuliko wasafiri wake. Limeingia katika lugha za Ulaya, likavishwa kofia pana na kupandishwa gari la kutazamia wanyama. Lakini katika vinywa vya wazee wa Mrima lilikuwa neno la miguu. Mtu aliposema ana safari ya bara, aliyemsikia hakuuliza atapanda chombo gani. Aliuliza ataondoka lini, amebeba nini, na kirongozi wake ni nani.

Siku hizi, kila panapozungumzwa juu ya hali ya hewa iliyoharibika, watu huhimizwa waache magari yao nyumbani, waende kazini kwa miguu au kwa baiskeli, au wapande basi na treni pamoja na wenzao. Himizo hilo lina msingi, kwani usafiri duniani hutoa takriban robo ya hewa ya ukaa itokanayo na matumizi ya nishati. Lakini mara nyingi husemwa kana kwamba kwenda bila moshi ni jambo lililovumbuliwa juzi, na kana kwamba kila mtu anayo hiari ya kuchagua chombo cha kumfikisha aendako. Madai hayo mawili yakitolewa mjini na kupelekwa bara, katika mji mdogo wa Shelui, huonekana kwa sura nyingine.

Shelui iko wilayani Iramba, mkoani Singida, chini ya mlima Sekenke, pale ambapo nyanda za juu za Iramba hukatika ghafla na kushuka kwenye mbuga ya Wembere. Kutoka Singida mjini ni kama kilomita 110. Ukiendelea mbele utafika Nzega, na kutoka huko njia huenda hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Wapwani wengi wameijua Sekenke kwa mambo mawili. La kwanza ni dhahabu, kwani ndiyo iliyotumiwa na Wajerumani mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye sura ya tembo, wakati vita vilipowakatia njia ya Ulaya. La pili ni kona za mlima wenyewe, ambazo madereva wa malori huzitaja kwa sauti ya chini.

Kabla ya malori walipita watu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka nyika ya Mgunda Mkali hadi Unyanyembe. Nyingine zikachepuka kaskazini kuelekea Ziwa Victoria kwa kupitia Unyaturu na Iramba. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, akaenda nao kwa miezi. Mahali pasipo maji waliita mwendo wao tirikeza: walipika na kunywa hadi kutosheka, wakaondoka jua likiwa limepinda, wakaenda mpaka giza, wakalala na kiu, kisha wakaamka alfajiri kukifuata kisima cha mbele. Maarifa hayo hayakufundishwa chuoni, wala hayakuwa ya watumwa tu, kama wengi wanavyodhani. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira, waliojua thamani ya mabega yao, na waliogoma walipodhulumiwa.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, akafika ziwani mwishoni mwa Februari 1875, baada ya siku mia na ushei. Njiani alipigana na Waturu, akapoteza watu, akapumzika Iramba mahali paitwapo Mgongo Tembo, kisha akaivuka mbuga ya Wembere. Katika mizigo ya msafara wake ilikuwamo mashua nzima, Lady Alice, iliyogawanywa vipande na kuchukuliwa mabegani mwa watu. Msomaji wa visiwani, aliyezoea kuona chombo kikimbeba mtu, na afikiri kidogo juu ya chombo kilichobebwa na watu kuvuka nyika ya Iramba, ili jina la safari likaandikwe kwa mtu mmoja.

Mwendo ule haukuwa na moshi, lakini si haki kuusifu kwa hilo na kunyamaza. Mzigo wa thamani kuliko yote ulioshuka pwani kwa njia zile ulikuwa pembe, na kila pembe ilikuwa tembo aliyekufa. Jina Mgongo Tembo limebaki. Tembo wa karne ile waliishia kuwa vitufe vya piano na vipini vya visu katika nyumba za Ulaya na Marekani. Usafi wa njia haukuwa usafi wa biashara. Anayetaka kuwafanya wapagazi watakatifu wa mazingira anawatwika tena mzigo ambao si wao.

Masimulizi ya safari zile tunayo pia kwa Kiswahili chenyewe, katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Humo wamo Waswahili wanaoeleza wenyewe walivyokwenda bara, na shida zao ni shida za miguu: maji, njaa, mito, na hongo. Neno hongo lenyewe wakati ule lilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi, aliotozwa mpita njia kwa maji na malisho. Ni sisi wa baadaye tulioligeuza kuwa jina la aibu.

Reli ikaja. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Biashara ya mabega ikafa, na Bagamoyo ikafifia nayo. Iramba nayo ilipata bahati yake kwa muda mfupi: katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilijenga tawi kutoka Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri. Lakini katika miaka ya 1940 reli ile iling'olewa. Ilipita miongo kadhaa ndipo garimoshi lilipofika tena Singida, na Kinyangiri haikukumbukwa. Watu wa Iramba hawakuulizwa reli ilipowekwa, wala hawakuulizwa ilipoondolewa. Visiwani tunayo hadithi inayofanana: reli ya Bububu, iliyoanza 1905 na kutoweka kabla ya 1930, ambayo wajukuu wa abiria wake wanaijua kwa picha tu.

Ama kuhusu baiskeli, historia yake haijapata mwandishi anayeistahili. Reli na barabara zina mafaili yake ofisini. Baiskeli haina faili, ina risiti ya dukani iliyopotea. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa chombo cha kwanza chenye magurudumu kumilikiwa na mkulima wa kawaida wa bara. Usukumani, jirani wa Iramba, fedha za pamba za miaka ya 1950 zilinunua baiskeli kabla ya kununua kitu kingine kikubwa, na kijana aliyekuwa nayo hakuwa na haja ya kutafutiwa mchumba. Ilibeba gunia la mtama, mkaa, kuku walioning'inizwa vichwa chini, mgonjwa akiwa nyuma ameshikiliwa na ndugu, na wakati mwingine jeneza. Nyuma ya tandiko kiliwekwa kiti cha chuma kigumu, na kwa kiti hicho ikazaliwa kazi. Hata jina bodaboda, ambalo leo linanuka petroli, lilianza kwa baiskeli huko Busia, zilipokuwa zikivusha abiria kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda.

Serikali huru ya Tanzania nayo ilipata wakati wake wa kufikiri juu ya mguu na gurudumu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana kutoka pande nyingi za nchi wakafanya matembezi yao. Mkuu wa nchi mwenye magari alichagua kwenda kwa miguu katika nchi ambayo wengi walikwenda kwa miguu bila kuchagua. Baadaye bei ya mafuta ilipopanda na fedha za kigeni zikakauka, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana, na kiwanda cha taifa cha baiskeli jijini Dar es Salaam kikatoa baiskeli iliyoitwa Swala. Hapana aliyesema wakati ule kwamba anaokoa mazingira. Walikuwa wakiokoa dola. Lakini Jumapili za namna hiyo, barabara zikiwa tupu na watoto wakicheza juu ya lami, miji mingi ya Ulaya leo huziandaa kwa sherehe na mabango.

Hatimaye lami ikafika Shelui. Barabara ya Singida hadi Shelui ilijengwa katika miaka ya 2000 chini ya Mradi wa Ukanda wa Kati wa Usafirishaji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi wa pili wa jina hilo, ulioidhinishwa 2008, ulihusu pia mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam na uwanja wa ndege wa Zanzibar. Hivyo mtu wa Shelui, abiria wa Kimara na msafiri wa Kisauni wameunganishwa na deni moja, ijapokuwa hawajapata kuonana. Faida ya lami haikanushiki. Mgonjwa aliyekuwa akitumia siku nzima kufika Singida sasa hutumia saa chache, na mazao hayaozi tena yakingoja masika yapite.

Lakini barabara ile ilipimwa kwa ajili ya lori la Kigali na basi la Mwanza. Mwenye miguu na mwenye baiskeli, ambao walikuwa wengi juu ya njia hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, waliachiwa ukingo. Lori linapopita, upepo wake hulisukuma gunia lililo nyuma ya baiskeli, na mpandaji huteremkia kwenye changarawe kwa hiari au bila hiari. Si ajabu basi kwamba pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, zilipoanza kumiminika, zilipokelewa kama ukombozi. Mwaka 2010 serikali ilitunga kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria. Leo mama mjamzito hupelekwa zahanati usiku kwa pikipiki, na ni nani atakayemwambia angengoja baiskeli?

Punda ameumia zaidi. Mnyama huyu ndiye aliyekuwa mchukuzi wa maji, kuni na chumvi katika mikoa ya kati, kama alivyo mchukuzi wa mawe na mchanga katika vichochoro vya Lamu. Miaka ya karibuni ngozi yake ilitafutwa China kwa kutengenezea dawa, machinjio yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga, na punda wakaanza kuibwa usiku. Tanzania ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2024 kwa bara zima. Kwa familia iliyoibiwa punda, marufuku ilichelewa. Maji yalirudi kichwani mwa mwanamke.

Dar es Salaam imekwenda njia nyingine. Mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016, na pembeni mwa njia yake zikawekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, jambo lililochangia jiji hilo kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Kwamba njia hizo za baiskeli mara nyingi hukaliwa na pikipiki na meza za wachuuzi ni habari nyingine, lakini zipo, na aliyezichora alimkumbuka mtu asiye na injini. Treni ya umeme nayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Reli hiyo imechorwa kupita Manyoni kuelekea Tabora. Iramba imeachwa kando, kama ilivyoachwa zamani.

Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, hali wastani wa dunia unazidi tani nne. Mkulima wa Shelui yumo chini kabisa ya hesabu hiyo, naye hakuhitaji semina ili afike huko. Anachokosa ni mita moja na nusu ya lami pembeni mwa barabara, iliyotengwa kwa kitu kidogo, na kivuli cha kupumzikia.

Baiskeli yenye gunia haipandiki mlima. Ifikapo chini ya Sekenke mwenyewe hushuka, hukamata usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine, akaanza kusukuma kwa hatua fupi upande wa bondeni. Kila asikiapo breki za lori kwenye kona ya juu, husimama, huegemeza gurudumu kwenye jiwe, akageuza uso wake kukwepa vumbi mpaka lipite.