Maji ya Mtagata: mzungu aliyapima, bibi yangu anayaamini

Nilikuwa nyumbani Kayanga, Karagwe, kumwona bibi. Ana kisukari, na mguuni ana kidonda kinachosumbua. Nilipomwambia twende hospitali akanijibu, "Mjukuu wangu, nipeleke Mtagata kwanza."

Kwa wasiofahamu, Mtagata ni chemchemi za maji moto, upande ambao leo ni Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Watu huenda kuoga na kunywa wakitafuta uponyaji. Si mambo ya jana. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley, akiwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, alikwenda kuziona. Akakuta wagonjwa wamejaa, kila mmoja na maradhi yake.

Stanley alikuwa mwandishi wa habari kama mimi, basi akafanya kazi ya mwandishi. Alitumbukiza kipimajoto. Chemchemi iliyotoka chini ya mwamba ilikaribia nyuzi 54 za Selsiasi. Nyingine, zilizobubujika kupitia tope jeusi, zilikuwa kama nyuzi 43, na hizo ndizo watu walizipenda zaidi. Mwenyewe aliyanywa, lakini hakuona nafuu yoyote ya pekee. Alidhani wenye magonjwa ya ngozi walipona kwa sababu moja rahisi: hapo walioga vizuri kuliko kawaida yao.

Kilichonivutia ni kwamba alibeba maji hayo hadi Uingereza, yakapimwa na wakemia wa London. Wakakuta hasa magadi, pamoja na chokaa na chumvi ya kawaida. Maji yalikuwa ya upande wa magadi, si wa asidi, na yakichemshwa hali hiyo ilizidi. Sababu ni kwamba ndani yake mlikuwa na ile soda ya kuokea mandazi; ukiichemsha, hewa ya kaboni inatoka na kinachobaki ni magadi makali zaidi.

Sasa cheka nami kidogo. Rafiki yangu mmoja Dar anatunza bwawa la kuogelea la maji ya chumvi nyumbani kwa tajiri. Mle hutiwa chumvi kama gramu 3 kwa lita (bahari ina kama 35), kisha mashine ya umeme huigeuza kuwa klorini inayoua vijidudu. Kazi yake kubwa ni kupima pH, ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda, klorini inakosa nguvu, naye anatia asidi. Uwezo wa maji kuhimili asidi ukishuka, anatia nini? Soda ya kuokea! Yaani anachonunua dukani, Mtagata kinatoka ardhini bure.

Lakini hapa ndipo utani unapoishia. Bwawa lile lina mtu wa kulipima na dawa ya kuua vijidudu. Chemchemi ina mkondo wake tu. Maji yakitiririka yanaondoka na uchafu. Yakituama kwenye tope, na watu kumi wenye vidonda wakakaa humo, magadi hayatawalinda. Tena nyuzi 43 ni moto wa kutosha kumuunguza mtu aliyekaa muda mrefu, hasa mwenye kisukari ambaye mguu wake umekufa ganzi. Anaungua bila kujua.

Nilimsimulia bibi yote haya. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mzungu alikuwa na kidonda?" Nikasema hapana. "Basi alikuwa anatafuta nini kule?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa kweli wale wagonjwa wa 1876 hawakuwa wajinga. Hawakuwa na hospitali, na maji ya moto ya kuogea yalikuwa msaada wa kweli. Bibi anayo hospitali. Tofauti ni hiyo tu.

Tulikubaliana hivi: kidonda kisafishwe hospitali kwanza, hadi kifunge. Kikishafunga, nitampeleka Mtagata akae kando, anawe uso na mikono, aone miti ya bondeni. Jana kafungwa bandeji ya pili. Ameshaniuliza mara tatu safari ni lini.

Wenye wazee wenye kisukari, kagueni miguu yao leo. Msingoje walalamike, maana mguu wenye ganzi haulalamiki.