Figo za Sokwe Mjini New Orleans

Mwaka 1963 na 1964, wakati mashine za kusafisha damu zilipokuwa adimu mno, Keith Reemtsma, daktari mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Tulane, aliwapandikizia figo za sokwe wagonjwa 13, ambao wanastahili kukumbukwa kama anavyokumbukwa yeye. Wengi walifariki baada ya wiki chache, ama kwa maambukizi ama kwa sababu kinga ya mwili ilikikataa kiungo kigeni, ingawa mwalimu mmoja alirejea kazini, akaishi miezi tisa. Kupandikiza kiungo cha nguruwe kulikuwa kugumu zaidi kuliko cha sokwe, kwani kingamwili, yaani protini za damu zinazotambua vitu vigeni, zilishambulia sukari iliyo kwenye mishipa yake na kukiharibu ndani ya saa chache, mpaka wanasayansi walipofuta jeni inayoitengeneza.