Kushika Pigo Moja

Msomaji, wapiga ngoma hutazamana wasije wakapishana; lakini vinanda vya umeme havina macho. Zamani kila kiwanda kilikuwa na ishara zake za kuhesabu mapigo, na chombo cha hiki hakikuelewana na cha kile. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya Anaheim, Marekani, kinanda cha Kimarekani, Prophet-600, kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Kijapani, vikapokezana ishara. Mapatano hayo ya washindani yaitwa MIDI: chombo kiongozi hutoa ishara 24 kwa kila pigo, vingine hufuata. Kompyuta nayo yaweza kuongoza. Lakini ikizidiwa na kazi, ishara huchelewa, muziki ukatetereka. Ndiyo sababu mafundi wengine huachia saa ya pekee kazi ya kushika pigo, kompyuta ikafuata. Mshika mbili, moja humponyoka.