Shahidi na Nishani: Habari za Medali Zilizotafutwa kwa ajili ya Askari wa Ndege Waliokufa Vitani

Neno shahidi katika Kiswahili limebeba maana mbili. Shahidi ni mtu aliyeliona jambo kwa macho yake, akaweza kulisema mbele ya kadhi. Tena shahidi ni mtu aliyekufa katika vita vya haki. Katika Kiarabu, lilikotoka neno hili, maana hizo hutengwa kwa urefu wa irabu: kwa yule mwenye kushuhudia irabu ndefu ni ya kwanza, na kwa yule aliyeuawa irabu ndefu ni ya pili. Kiswahili hakikuichukua tofauti hiyo, bali kimeyafanya maneno mawili kuwa moja. Neno nishani nalo lilitujia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama tu, kabla halijawa jina la pambo livaliwalo kifuani. Habari za nishani za marehemu zaweza kuelezwa kwa maneno haya mawili: alama haitolewi ila kwa ushahidi, naye aliyekufa hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Hapana budi mtu mwingine amsemee, na mtu huyo mara nyingi hayupo.

Nishani kubwa kupita zote za vita katika dola ya Uingereza, yaani Msalaba wa Victoria, iliwekwa mwaka wa 1856. Sheria yake ya kwanza haikusema lolote juu ya wafu, na desturi ilikuwa kwamba nishani hupewa mtu aliye hai. Katika vita vya Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, maofisa wawili, Melvill na Coghill, waliuawa na Wazulu baada ya jitihada yao ya kuiokoa bendera ya kikosi. Gazeti la Serikali la London lilichapa kwamba lau wangaliishi wangalipendekezewa Msalaba. Basi, neno likaishia hapo. Mwaka wa 1902 Mfalme Edward wa Saba alikubali nishani hiyo itolewe kwa baadhi ya waliokufa katika vita vya Makaburu. Ruhusa hiyo haikuwagusa wafu wa vita vya zamani, mpaka mwaka wa 1907, baada ya mjane wa Melvill kumwandikia mfalme ombi lake. Ndipo Melvill na Coghill walipopata nishani zao, miaka 28 baada ya kufa. Sheria mpya ya mwaka wa 1920 ikaandika waziwazi kwamba Msalaba waweza kupewa marehemu.

Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa nishani moja tu. Nishani nyingine za ushujaa vitani zilizo chini yake, pamoja na ile ya marubani iitwayo Distinguished Flying Cross, hazikuweza kutolewa kwa mtu aliyekwisha kufa, na kanuni hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1979. Maana yake ni kwamba katika Vita Vikuu vya Pili askari wa ndege aliyeuawa akitenda tendo la ushujaa alikuwa na njia mbili tu: ama tendo lake lifikie kipimo cha Msalaba wa Victoria, ama jina lake litajwe katika taarifa za vita za majemadari. Baina ya kilele na bonde hapakuwa na ngazi. Rubani aliyerejea kituoni na ndege iliyotoboka aliweza kupewa nishani ya kati. Mwenzake aliyefanya yaleyale, asirejee, hakuweza.

Upungufu wa kanuni hiyo waonekana katika habari za Lloyd Trigg, rubani wa New Zealand aliyekuwa katika Kikosi nambari 200 cha ndege za Uingereza, huko Afrika ya Magharibi. Tarehe 11 Agosti 1943 Trigg na wenzake saba walikuwa katika ndege ya namna ya Liberator, wakizitafuta manowari za chini ya maji katika bahari ya Atlantiki, kusini-magharibi ya Dakar. Yeye alikwisha kuruka safari nyingi za vita, lakini katika ndege ya namna hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya kazi. Waliiona manowari ya Kijerumani, U-468, ikielea juu ya maji, wakaishambulia. Mizinga ya manowari ikaipiga ndege ikashika moto. Trigg angeweza kuliacha shambulio na kujaribu kutua baharini. Hakugeuka. Aliipitisha ndege inayowaka chini sana juu ya manowari, akaangusha mabomu yake, kisha ndege ikaanguka baharini, na watu wote wanane wakafa. Manowari nayo ikazama.

Hapakuwa na ndege nyingine karibu, wala meli, wala mtu mmoja wa upande wa Uingereza aliyeona. Wajerumani saba tu walisalimika, na kilichowaokoa ni mtumbwi wa mpira uliotoka katika ndege ya Trigg. Ndege iliyotumwa kutafuta iliuona mtumbwi ule, na waliomo walidhaniwa kuwa watu wa Liberator. Manowari ya Kiingereza iitwayo Clarkia ilipofika, ilikuta maadui, miongoni mwao nahodha, Klemens Schamong. Ni yeye na mabaharia wake waliowaeleza Waingereza jinsi ndege ile ilivyozidi kuja ilhali inawaka. Kwa maneno yao Trigg alipewa Msalaba wa Victoria, uliotangazwa mwezi wa Novemba mwaka uleule.

Jambo hili latakiwa litazamwe kwa makini. Kadhi huuliza kama shahidi ana faida katika maneno yake, au ana uadui na mtu anayemtolea ushahidi. Hapa uadui ulikuwapo dhahiri, nao uliutia ushahidi nguvu badala ya kuudhoofisha, kwani mateka hana sababu ya kumsifu mtu aliyeizamisha manowari yake. Mfano wake wapatikana pia katika jeshi la majini: nahodha Gerard Roope wa manowari Glowworm, aliyekufa Aprili 1940 katika bahari ya Norwei, alipata Msalaba mwaka wa 1945, na sifa alizopewa na nahodha Mjerumani aliyepigana naye zilikuwa sehemu ya ushahidi. Lakini katika shauri la Trigg ushahidi wote ulikuwa wa adui, usichanganyike na mwingine.

Hata hivyo, waliokuwamo katika ndege ile walikuwa wanane, na Msalaba ukawa mmoja. Rubani ndiye aliyeshika usukani, na uamuzi wa kuendelea uliandikwa kwa jina lake. Wale saba walikaa penye vituo vyao ndani ya moto uleule, wakafa kifo kilekile. Schamong hakuweza kusema nani kati yao alifanya nini, maana yeye aliona ndege, hakuona watu. Na hata lau angaliweza kusema, nishani za kati zilikuwa zimefungwa kwa wafu. Hivyo kanuni na uchache wa ushahidi vilikutana juu ya kaburi moja la maji.

Andrew Mynarski, mpiga bunduki Mkanada wa Kikosi nambari 419, alikuwa na shahidi aliyekuwa ndani ya ndege yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944 ndege yao ya namna ya Lancaster ilikwenda kushambulia njia za reli huko Cambrai, Ufaransa ya kaskazini. Ikapigwa na ndege ya adui, ikawaka, na rubani akaamuru watu waruke. Mynarski alipokuwa karibu kuruka alimwona mwenziwe, Pat Brophy, amenaswa katika chumba cha bunduki cha mkiani. Alipita katika moto akajaribu kumfungua, asiweze, mpaka nguo na mwavuli wake vikashika moto. Brophy alimwashiria aende zake. Mynarski akampigia saluti, akaruka, akafa kwa majeraha ya moto. Ndege ilipoanguka Brophy alitupwa nje, akapona. Hakuna mwingine aliyeyaona yaliyopita baina yao, na Brophy hakuyasimulia kwa wakubwa mpaka mwaka wa 1945. Msalaba wa Mynarski ulitangazwa Oktoba 1946. Lau mtu wa mkiani angalikufa kama ilivyotazamiwa, habari hii isingalikuwako kabisa. Tendo lingalikuwa lilelile, alama isingalikuwako.

Shauri la Arthur Scarf laonyesha sababu nyingine ya kuchelewa. Tarehe 9 Desemba 1941 ndege za namna ya Blenheim zilikuwa tayari kuondoka Butterworth, katika Malaya, kuwashambulia Wajapani waliokuwa Singora. Scarf alikuwa ameondoka ardhini tu Wajapani walipokipiga kiwanja, wakaziharibu ndege zilizobaki. Alikwenda peke yake na watu wake wawili, akatupa mabomu, akajeruhiwa vibaya, akaitua ndege Alor Star bila wenzake kuumia, kisha akafa hospitalini. Baada ya hapo Malaya ilianguka, na watu wengi waliozijua habari zake wakatekwa. Ushahidi ulikuwapo, ila ulikuwa umefungwa pamoja na mateka. Nishani yake ilitangazwa Juni 1946, miaka minne na nusu baada ya kufa.

Afrika ya Mashariki nayo ina mfano wake, ijapokuwa si wa hewani. Sajini Nigel Leakey alikuwa katika Kikosi cha Sita cha King's African Rifles, ambacho asili yake ni Tanganyika. Aliuawa Colito, katika Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, alipovipanda vifaru vya Wataliani na kupigana na waliokuwa ndani. Msalaba wake ulitangazwa Novemba 1945, nao muda huo unalingana sana na ule wa Scarf. Mwili wake haukuonekana. Jina lake limo katika kumbukumbu ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Watu wa jamaa za marehemu hawajaacha kutafuta. Katika Uingereza lipo desturi lisilopindwa kwa wepesi, la kwamba tendo la ushujaa halipimwi upya baada ya kupita miaka mitano. Sababu itolewayo ni ya haki: mashahidi wamekufa, na anayepima leo hawezi kulilinganisha tendo moja na mengine aliyoyaona aliyekuwako wakati ule. Medali za utumishi, ambazo hutolewa kwa kuhudumu tu, zina njia nyepesi, na jamaa waweza kuziomba. Mwaka wa 2013 iliwekwa alama maalum kwa watu wa ndege za mabomu, jeshi ambalo lilipoteza watu 55,573. Jamaa za marehemu nao waliruhusiwa kuiomba.

Nchi nyingine zimeufungua mlango zaidi. Australia ilimpa baharia Teddy Sheean Msalaba wa Victoria wa nchi hiyo mwaka wa 2020 kwa tendo la mwaka wa 1942, baada ya ombi kukataliwa zaidi ya mara moja. Katika Marekani, John Chapman wa jeshi la ndege aliuawa katika milima ya Afghanistan mwezi wa Machi 2002, akapewa nishani ya pili kwa ukubwa. Wenzake walidhani amekufa mwanzoni mwa mapigano. Picha zilizochukuliwa kutoka angani zilipochunguzwa upya zilionyesha kwamba aliendelea kupigana peke yake, na mwaka wa 2018 akapewa Medal of Honor, iliyo kubwa kupita zote. Hapo shahidi hakuwa rafiki wala adui, bali chombo.

Yatokanayo na habari hizi ni haya. Nishani hupima ushahidi kwanza, na ushujaa baadaye. Pasipo la kwanza la pili halifiki mezani. Kwa hiyo asiyekuwa na nishani hajathibitishwa kuwa hakutenda. Kilichothibitishwa ni kwamba hakuna aliyesema. Anayeziandika habari za vita akizihesabu nishani kana kwamba ndizo hesabu ya ushujaa atakuwa amewahesabu mashahidi wa namna ya kwanza, walioona wakasema, akawaacha wengi wa namna ya pili. Ni wajibu wa mwandishi wa historia kutaja, kila atajapo aliyepambwa, idadi ya waliokuwa pamoja naye: wanane katika Liberator, saba katika Lancaster, watatu katika Blenheim. Idadi si nishani. Lakini ni alama, na kwa asili ya neno hilo hakuna zaidi kilichohitajiwa.