Zoea halipinduki

Kiswahili hupindua vitenzi kwa urahisi: funga, fungua, ziba, zibua. Lakini zoea hatuna namna ya kulipindua. Mkulima wa Haneti, Dodoma, aliyekua akila ugali wa uwele hawezi “kuuzoua”. Ataendelea nao, au atazoea mwingine. Napenda sarufi hii kwa kuwa inamheshimu mzee sawa na mtoto: wote huzoea upya, hata mmoja akichelewa.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nchini Tanzania ililijua hilo. Vikundi vya vijijini vilisikiliza redio, vikajadili, kisha watu wakachimba vyoo. Walipewa cha kuzoea, pamoja na wenzao.

Na zoezi, lile la mwanafunzi, ni la mzizi huohuo.