Tumbusi ana kosa gani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita.)

Ndugu msikilizaji, leo tuache kidogo habari za bei na foleni za mjini. Nifuate hadi Ganako, kata mojawapo ya wilaya ya Karatu, ile wilaya ambayo kila mtalii anayekwenda Ngorongoro kwa gari kutoka Arusha hana budi kuipita.

Nilikuwa nimeketi uani kwa mama mmoja mwenyeji wangu, chai mkononi, mara nikasikia kelele. Mama amenyanyuka, mwiko unagonga sufuria, kuku anaita watoto wake, na juu ya paa mwewe anakata kona. Mama akakimbia, akafunika vifaranga kwa tenga, akaweka jiwe juu yake. Mwewe akazunguka mara mbili, akaenda zake.

Nilipotazama juu zaidi nikaona ndege wengine, wakubwa, wametandaza mbawa wala hawazipigi, wanapanda kama moshi. Nikamuuliza mama: na wale je? Akasema, "Wale ni tumbusi. Hawana shida na kuku wangu. Wanatafuta aliyekwisha kufa." Nikamwambia, basi mbona hawapendwi? Akacheka. "Mwanangu, nani ampende anayengoja ufe?"

Jibu hilo nimetembea nalo tangu siku hiyo. Nikaona nitafute historia ya ndege hawa katika nchi ile ya Karatu na Ngorongoro, nijue kosa lao ni nini. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza, kumtazama ndege mla nyama si mchezo wa wageni wenye darubini. Pengine ndiyo kazi ya kale kuliko zote wilayani humo. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi wanaijua hadi leo. Wakiona tumbusi wanazunguka mahali na kushuka, wanajua pana nyama, nao huenda mbio kuwahi sehemu yao, hata kama ni kumfukuza simba. Na kule Oldupai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus mwezi Julai 1959, mifupa ya wanyama ina alama za visu vya mawe. Wapo wataalamu wanaosema kwamba wazee wetu wa zamani sana, kabla hawajawa wawindaji hodari, walikula mabaki ya simba na chui. Kama ni kweli, basi walijifunza kutazama juu ili wapate chakula chini. Tumbusi alikuwa mwalimu wao.

Pili, msikilizaji, twende mwaka 1892. Mwaka uliotangulia, sotoka ilikuwa imeingia Umasaini, na ng'ombe walikufa kwa maelfu. Wamasai wanauita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Mwezi Machi 1892 msafiri mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alifika Ngorongoro na msafara wake. Katika kitabu alichokitoa baadaye ameeleza habari za watu aliowakuta: akina mama waliobaki mifupa, watoto wasioweza kusimama, wazee, na wapiganaji waliokuwa wakitambaa. Na ameandika kwamba juu ya watu hao walifuata tumbusi makundi kwa makundi, wakingoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kicheko cha yule mama. Mtu aliyepita katika wakati kama ule, au aliyesimuliwa na bibi yake, hawezi kumtazama tumbusi kwa macho ya mtalii. Lakini tuseme ukweli: si tumbusi aliyeleta sotoka. Sotoka ililetwa na ng'ombe wagonjwa waliopakuliwa huko pembe ya Afrika siku za vita vya wakoloni, kisha ikasambaa kusini. Tumbusi alikuja baada ya maafa kutokea.

Tatu ni habari ya sheria, na hii itakushangaza. Tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni Afrika, Wajerumani waliotutawala wakiwemo, walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama pori. Wakagawa wanyama katika orodha. Orodha ya kwanza ilikuwa ya wale wasioguswa kabisa, na ndani yake kulikuwa na fungu la wanaohifadhiwa kwa sababu wana faida kwa binadamu. Wa kwanza katika fungu hilo ni nani? Ni tumbusi! Wakafuata ndege karani, yule mwenye miguu mirefu anayeua nyoka, na bundi, na wale ndege wanaowatoa ng'ombe kupe.

Sasa geuza ukurasa. Kulikuwa na orodha nyingine, ya wanyama waharibifu ambao idadi yao ilitakiwa ipunguzwe. Humo wamo simba, chui, fisi, mbwa mwitu, mamba, nyoka wenye sumu, na pamoja nao ndege wakubwa wote wanaowinda, isipokuwa wale niliowataja. Maana yake tai aliyechukua mwana-mbuzi alikuwa adui wa serikali, na tumbusi aliyesafisha mzoga alikuwa rafiki wa serikali. Ilikuwa hesabu ya mwenye duka: huyu ananipa faida, huyu ananitia hasara.

Mkataba ule haukupata nguvu kamili kwa sababu si mataifa yote yaliyouridhia. Lakini fikra yake ilidumu. Na mimi nauleta hapa kwa sababu moja: tumbusi amekuwa upande mzuri wa karatasi tangu mwaka 1900. Hakuna aliyemtangaza adui. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia.

Nne ni miaka ya neema. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ikawa hifadhi ya namna yake, kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo mfugaji na mnyama pori walitakiwa waishi pamoja. Katika miaka ileile ng'ombe wa maeneo yaliyozunguka walichanjwa kwa wingi dhidi ya sotoka. Kumbe chanjo ya ng'ombe ilikuwa pia tiba ya nyumbu! Sotoka ilipokoma, nyumbu ambao mwaka 1961 walikuwa kama robo milioni, walifika zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Palipo na nyumbu milioni hapakosi mizoga, na palipo na mizoga tumbusi wanalea watoto.

Ndipo wataalamu wakaja kuwatazama kwa makini. Mwaka 1966 Jane Goodall, yule wa sokwe wa Gombe, na mumewe Hugo van Lawick walieleza katika jarida la Nature mambo waliyoyaona kaskazini mwa Tanzania: tumbusi mdogo mweupe anaokota jiwe kwa mdomo, analitupa juu ya yai la mbuni, mara nyingine na nyingine, mpaka yai linapasuka. Ndege mwenye kutumia chombo! Baadaye David Houston aliwachunguza tumbusi wanaotaga kwenye majabali ya milima ya Gol, ndani ya Ngorongoro. Alikadiria kwamba tumbusi wa mbuga zile wanakula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wenzao wote kwa pamoja. Na mwenzake Colin Pennycuick aliwafuata angani kwa ndege ndogo inayoelea, akapima jinsi wanavyokwea hewa ya moto na kusafiri mbali bila kupiga bawa.

Kama unadhani hilo ni dogo, sikia hili. Tarehe 29 Novemba 1973 tumbusi wa jamii hiyohiyo ya majabali aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Hakuna ndege mwingine aliyethibitika kufika huko.

Basi, msikilizaji, ndege huyu ana sheria upande wake, ana wataalamu, ana nyumbu. Mbona mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliziweka jamii nne za tumbusi wa Afrika, wakiwemo wale wa majabali na wale wa mgongo mweupe, katika daraja la mwisho kabisa kabla ya kutoweka?

Jibu ni sumu. Na sumu yenyewe hakuwekewa yeye.

Mambo huenda hivi. Usiku simba ameingia bomani, ameua ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe huyo ni karo ya shule, ni mahari, ni akiba ya benki. Asubuhi mwenye ng'ombe, kwa uchungu, anachukua dawa ya kuulia wadudu wa shambani, kama ile iitwayo karbofurani, anainyunyiza kwenye mzoga. Anamngoja simba arudi. Lakini simba hulala mchana. Anayewahi ni tumbusi. Anashuka mmoja, wa mbali wanamwona akishuka, nao wanashuka, na saa moja haijapita wako mia. Hapo hufa wote, na fisi na mbweha juu yao.

Si hadithi. Mwezi Februari 2018, upande wa Ruaha, walikutwa simba 6 wamekufa kwa kile kilichoaminika kuwa ni sumu, na tumbusi 74. Fanya hesabu mwenyewe ya nani aliyelipa. Na wako majangili wanaomwekea sumu tumbusi kwa makusudi, kwa kuwa akizunguka juu ya tembo aliyeuawa anawaonyesha askari mahali pa kwenda. Botswana mwaka 2019 walikufa tumbusi 537 kwa mkupuo mmoja, kwenye mizoga ya tembo watatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya taarifa za vifo vya tumbusi zaidi ya 7,000 katika nchi 26 za Afrika, na asilimia 61 vilitokana na sumu. Asilimia 29 waliuawa kwa ajili ya uganga. Na tumbusi wale wakubwa hutaga yai moja tu kwa mara moja. Wanaokufa asubuhi moja hawarudi kwa miaka mingi.

Wewe uliyeketi Kariakoo au Ngarenaro utasema, haya ni ya porini. Hebu tazama India. Huko tumbusi walikuwa mamilioni, na kuanzia miaka ya 1990 zaidi ya asilimia 95 ya jamii zile kuu walitoweka. Mwaka 2004 ikajulikana sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyepewa dawa hiyo, figo zake zinakufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini mizoga ilikuwa imekwisha kujaa, mbwa koko wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikafuata, na maji yakachafuka. Wachumi waliotoa hesabu yao mwaka 2024 walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 kukosekana kwa tumbusi kulisababisha vifo vya watu wapatao nusu milioni. Wengi wao hawakuwa porini.

Nilisema tutarudi kwenye karatasi. Sisi nasi tunazo. Tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Sizidharau. Lakini historia hii imenifundisha kwamba tumbusi hakupona kwa karatasi, wala hakufa kwa karatasi. Mwaka 1892 habari yake ilikuwa ng'ombe. Miaka ya 1960 alineemeka kwa sababu ng'ombe walichanjwa. Na leo anakufa kwa sababu ya ng'ombe aliyeuawa usiku na mwenyewe akaachwa peke yake na hasara yake. Anayetaka kumlinda tumbusi aanzie bomani.

Njia zipo. Simanjiro wafugaji wamezungushia maboma yao miti iliyo hai pamoja na nyavu za chuma, na simba akifika anarudi na njaa. Ngorongoro vijana wa Kimasai wanaofanya kazi na shirika la KopeLion hufuatilia nyayo za simba, huwaonya wachungaji wasipeleke mifugo upande huo, hutafuta ng'ombe waliopotea kabla giza halijaingia. Serikali nayo, kwa kanuni za mwaka 2011, ina malipo kwa walioumizwa na wanyama wakali, nayo yanaitwa kifuta machozi. Jina lenyewe linakiri kwamba si fidia. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hahitaji leso tu, anahitaji ng'ombe.

Na sisi wa mjini tuna sehemu yetu. Sumu ile haichimbwi Ngorongoro. Inatoka dukani, katika miji kama hii yetu, wakati mwingine ikipimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi, bila muuzaji kuuliza inakwenda kuua nini. Muuzaji na aulize. Na mwenye mamlaka na amkague muuzaji.

Nilipoaga Ganako, mwewe alikuwa amerudi, yuko juu ya mti wa jirani. Mama alimwona. Hakutafuta sumu. Alikwenda kutazama tenga kama jiwe lingali juu yake, kisha akaendelea kuchambua maharage.

Tukutane wiki ijayo.