Chanjo ya DNA dhidi ya kichaa cha mbwa

Chanjo ya majaribio ambayo, badala ya virusi vilivyouawa, hubeba plasmidi, yaani DNA ya mviringo yenye jeni ya glikoprotini G, protini inayofunika virusi kwa nje. Seli za aliyechanjwa huisoma jeni hiyo na kuunda protini, kisha mwili hutengeneza kingamwili. Ilikinga panya katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1994, na tumbili mwaka 1998.

Kazi ngumu ni kuiboresha. Plasmidi ikidungwa msulini, nyingi hubaki nje ya seli, na kwa wanyama wakubwa kinga huwa hafifu. Kwa hiyo wabunifu huiandika upya jeni kwa kodoni (vikundi vya herufi tatu za DNA) zinazopendelewa na seli za mamalia, bila kubadili protini yenyewe. Wengine hufungua utando wa seli kwa mipigo mifupi ya umeme. Hata hivyo kingamwili huchelewa, jambo la hatari kwa aliyekwisha kung'atwa.

Uwezo wa chanjo ya DNA wa kustahimili joto husifiwa kupita kiasi: nchini Tanzania, hata chanjo ya kawaida ya mbwa iliyohifadhiwa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25 bado ilifanya kazi.